Kengele Ambayo Pasta Yohana Hakuipiga

Kwanza mnisamehe kwa mwandiko. Kiswahili nilikisoma kambini, Tanzania, na nilipofika darasa la tatu tukapandishwa ndege. Tangu hapo hakuna mwalimu aliyenisahihisha tena. Kwa hiyo mkiona herufi zimelala kama watu waliochoka, au neno limekosa herufi yake, msidhani nimewadharau. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima, na mara nyingine napumzika katikati ya sentensi kama mtu anayepanda mlima na ndoo kichwani. Lakini wengi wenu mnaosoma ni wa umri wangu, mliokuja huku mkiwa wadogo, na nadhani mtanielewa.

Kilichonikumbusha haya ni kamba. Nafanya kazi Kenmore, karibu na Buffalo tunakoishi sasa, kwenye nyumba ya kutunza wazee, na njia ya kwenda kituo cha basi inapita mbele ya duka la misumari na rangi. Mama alikuwa ameniomba kamba ya kuanikia nguo, maana haamini mashine ya kukaushia. Anasema inazeesha nguo. Nikaingia. Nikashika kamba nene ya katani, ya rangi ya majani makavu, na kabla sijafikiri nikawa nimeipeleka puani. Mwenye duka akaniangalia. Mimi nilikuwa nimeshaondoka pale dukani. Nilikuwa Louisville, katika chumba kidogo chini ya mnara wa kanisa, nina miaka tisa, nimeshika mkono wa mzee mmoja na nina jambo kubwa la kumwambia.

Louisville tulikaa mtaa wa Beechmont. Upande mmoja wa nyumba yetu walikuwa Wakuba, upande wa pili Wanepali, na jioni harufu za masufuria zilikutana uani kama majirani wasiojuana lugha. Kanisa letu wenyewe hatukuwa nalo. Tuliazimwa. Lilikuwa kanisa la matofali mekundu, mtaa huo huo, lililoanzishwa zamani na watu waliotoka Uingereza, na watu hao walikuja na desturi zao zote kama mtu anayehama na vyombo vyake. Wazungu wenyewe walisali asubuhi, wachache na wazee wengi, kimya kimya. Sisi tuliingia saa nane mchana na ngoma, gitaa na watoto. Tukifungua mlango tulikuta hewa yao bado imo ndani: nta ya mishumaa, kahawa, na manukato ya bibi vizee.

Ukutani karibu na mlango kulikuwa na ubao mweusi wenye majina ya wachungaji wao wote kwa rangi ya dhahabu, mmoja chini ya mwenzake, tangu yule wa kwanza aliyevuka bahari. Sisi wasichana tuliyageuza wimbo wa kuruka kamba: William, Edward, Edward tena, Henry. Mimi nilidhani walipangwa hivyo kwa sababu kila mmoja alisimama juu ya mabega ya mwenzake, na kwamba yule wa chini kabisa ndiye aliyekuwa na mgongo wenye nguvu kuliko wote.

Pasta wetu sisi aliitwa Pasta Yohana. Alitoka kwenye milima ya Kivu ya Kusini kama wazazi wangu, milima ya ng'ombe na ukungu. Siku za kazi alipanga maboksi kwenye ghala, Jumamosi alitembelea wagonjwa, Jumapili alihubiri. Kwaya ikishika wimbo mrefu alisinzia kwenye kiti chake cha mbele, na Mama Pasta alimgusa kwa kiwiko. Akishtuka alisema "Amina!" kwa sauti kubwa, hata wimbo ukiwa katikati, na kanisa zima, kwa heshima, lilijibu "Amina!"

Mama yake mzazi, aliyezikwa kule milimani, aliitwa Riziki. Na mimi naitwa Riziki. Siku aliyosikia jina langu mara ya kwanza alivua kofia mbele ya watu wote.

"Mama yangu amefika!" akasema. "Mumpishe mama yangu, ametoka mbali!"

Watu wakacheka. Kuanzia hapo hakuniita kwa jina lingine. Mimi nilikuwa mtoto wa haya sana. Shuleni mwalimu alimwita baba kumuuliza kama masikio yangu yanasikia. Lakini kwa Pasta Yohana sikuhitaji kusema kitu. Ibada ikiisha aliinama mbele yangu na kunipa taarifa.

"Mama, wiki hii mwanao amefanya kazi vizuri. Mama, magoti ya mwanao yanamuuma. Mama, mwanao amekula nyama ya kuku siku tatu, hajagusa mboga. Utamsamehe?"

Nami nilitikisa kichwa kukubali. Wengine waliona ni utani. Mimi sikuona utani hata kidogo. Niliamini kabisa kwamba, kwa namna fulani, nilikuwa nimemzaa. Sikujua ilitokeaje, lakini mambo mengi yalikuwa yametokea kabla sijapata akili, na hili niliona ni mojawapo. Kaka yangu Baraka, aliyekuwa ameshaanza kuota ndevu tatu, alinichokoza kila Jumapili njiani.

"Riziki, mtoto wako anaota mvi. Mpeleke kwa daktari."

Mwaka ule mchungaji wa Wazungu alistaafu, na baada ya kutafuta sana wakapata mwingine. Alikuwa mwanamke.

"Donc, kwa hiyo ni mwanamke?" baba akasema.

Mama akamwangalia. Baba akaendelea kumenya ndizi.

Jina lake lilikuwa Ana, tukamwita Mama Ana. Siku ya kumwingiza kazini walitualika asubuhi tukaimbe. Askofu alikuja na kofia ndefu. Watu wakawa wanamletea Mama Ana vitu kimoja kimoja mbele ya kanisa: Biblia, jagi la maji, mkate, funguo. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti kando ya nguzo, na kwa kuwa nilishaona harusi nyingi, nilijua wanachofanya: wanatoa mahari. Nikageuka kuangalia mlango, nikisubiri ng'ombe. Ng'ombe hakuja. Badala yake Mama Ana alitembea peke yake mpaka nyuma ya kanisa, akaingia kwenye chumba kidogo chini ya mnara, na juu ya vichwa vyetu kengele ikalia. Ikalia tena, na tena. Wazee wa Kizungu wakawa wanahesabu kwa midomo bila sauti, wakitabasamu.

Baraka alimuuliza mzee wa kengele maana yake. Huyu alikuwa Bwana Walter, mtu mrefu mwenye nyusi nyeupe kama pamba, na kazi yake kanisani ilikuwa kutunza kengele na saa ya mnara. Baraka akatutafsiria: ni desturi ya Uingereza. Mchungaji mpya anapiga kengele, na kila pigo ni mwaka mmoja atakaokaa. Baraka anasema Bwana Walter alikonyeza jicho alipomaliza. Mimi sikuliona jicho. Nilikuwa naangalia kamba iliyoshuka kutoka kwenye tundu la dari, bado inatikisika.

Sasa lazima niwaeleze kitu ambacho Bwana Walter hakukijua. Kambini hatukuwa na kengele. Tulikuwa na rimu ya gurudumu la lori, imefungwa kwa waya kwenye nguzo, na mzee mmoja aliyeitwa Papa Musa aliigonga kwa kipande cha chuma. Akigonga asubuhi, shule inaanza. Akigonga haraka haraka, unga umefika. Nilikuwa nimeliona jambo hilo kwa macho yangu tangu nilipojua kutembea: chuma inalia, tunakimbia na ndoo, na unga upo. Siku ambazo chuma haikulia, hakuna unga. Katika akili yangu ile chuma ndiyo iliyoleta unga. Kwa hiyo niliposikia kwamba kengele ya Wazungu inaleta miaka, sikushangaa. Niliona tu kwamba Wazungu wana kengele kubwa zaidi.

Majani ya miti yalipoanza kuwa mekundu, Jumapili moja, baada ya matangazo ya harusi na ya mtu aliyepoteza funguo za gari, Pasta Yohana alisimama na kushika mimbari kwa mikono miwili.

"Wapendwa," akasema, "binti yangu kule Buffalo amejifungua mapacha. Mume wake anafanya kazi usiku. Na magoti yangu yamekataa ghala. Bon, basi. Tutahama kabla ya baridi. Wazee wameongea na kanisa la ndugu zetu wa Columbus, atakuja kijana, Pasta Eliya. Mumpokee kama mlivyonipokea."

Wamama wakaanza kulia. Mama Pasta akafunika uso kwa kitenge. Baba, aliyekuwa shemasi na alishajua, aliangalia viatu vyake. Mimi sikulia. Nilitazama dari ya nyuma ya kanisa, nikajua papo hapo kosa liko wapi. Pasta Yohana alipoingia kanisa lile hakupiga kengele. Hakuna aliyempa hata mwaka mmoja! Alikuwa amekaa tu, kama mtu aliyepanda basi bila tikiti, na sasa wamemkuta.

"Hakupiga," nikamwambia Baraka tulipotoka.

"Nani hakupiga nini?"

"Mtoto wangu. Kengele."

Baraka akacheka mpaka akashika mti. "Basi mpeleke akapige," akasema. Yeye alikuwa anatania. Mimi niliona hatimaye kuna mtu mwenye akili nyumbani kwetu.

Jumamosi Bwana Walter alikuja kanisani kupaka mafuta vyuma vyake. Nilisimama mlangoni mwa kile chumba kidogo mpaka aliponiona. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha maneno machache, yote ya darasani: choo, penseli, tafadhali, samahani. Nilikuwa nimeyapanga nyumbani mbele ya kioo. Nikasema, "Pasta wangu. Kengele. Tafadhali." Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsemesha Mzungu asiye mwalimu.

Bwana Walter akachuchumaa, magoti yake yakalia kama kuni. Akaniuliza, kwa maneno na ishara, kama pasta wetu anataka kupiga kengele siku ya kuagana. Nikatikisa kichwa kukubali, maana mama ndiye anayejua mtoto wake anataka nini. Akasema vizuri sana, nimlete. Kisha akanipa kamba niishike. Ilikuwa nene kuliko mkono wangu, na ilinuka majani makavu, vumbi, mshumaa, na jasho la viganja. Nikafikiri: hapa ndipo waliposhika William na Edward na Edward tena. Nikanusa mpaka pua ikawasha.

Siku moja kabla ya ibada ya kuagana, Pasta Eliya alifika kutoka Columbus, akalala kwetu. Nilitegemea mtu mkubwa wa sauti nzito. Alikuwa kijana mwembamba wa shingo ndefu, na shati lake lilikuwa bado na mikunjo ya boksi la dukani. Mama alikuwa amepika ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki.

"Bwana asifiwe, dada mdogo," akaniambia.

Nikaangalia sakafu.

"Riziki," mama akasema, "salimia Pasta."

"Pasta yuko mmoja," nikasema.

Baba akageuka kuniangalia. Hata Baraka aliacha kutafuna.

"Yesu wangu!" mama akasema. "Huyu mtoto haongei mwaka mzima, na siku anafungua mdomo, ni hii!"

Tonge la ugali la Pasta Eliya lilikuwa limesimama hewani. Akalishusha polepole kwenye sahani. "Muache, mama," akasema. "Amesema kweli."

Baada ya chakula nilitumwa uani kuanua nguo. Nilipozunguka kona ya nyumba nikamkuta Pasta Eliya karibu na uzio, amenipa mgongo, anaongea na simu. Alikuwa anaongea na mke wake aliyebaki Columbus.

"Hapana, wamenipokea vizuri. Sombe ya kweli, siyo ile yako ya kopo." Akacheka kidogo, kisha sauti ikashuka. "Lakini hawa watu wanamlilia yule mzee wao. Hata watoto. Mimi nitasimama wapi? Nikifungua mdomo kesho watanilinganisha naye... Ee, naogopa. Naogopa sana. Usimwambie mtu."

Akageuka. Akaniona na soksi zimejaa mikononi. Tukaangaliana. Sijui ni nani kati yetu aliyekuwa na haya zaidi. Akaweka kidole mdomoni, nami nikatikisa kichwa kukubali. Sikuwa nimewahi kujua kwamba mtu mzima, tena mwenye shati jipya, anaweza kuogopa kufungua mdomo mbele ya watu. Nilidhani ugonjwa huo ni wangu peke yangu.

Hilo lilinisumbua asubuhi nzima ya Jumapili. Mtoto wangu akibaki, huyu atakwenda wapi? Nikapata jibu wakati mama ananisuka: na yeye apige kidogo. Apige pigo moja, asiondoke mikono mitupu.

Kanisa lilijaa. Watu wa Columbus walikuja kwa magari makubwa mawili na kwaya yao iliyovaa njano. Wazungu pia walirudi mchana na keki zao, na Mama Ana akakaa mstari wa pili na mtoto wa mtu mapajani. Kabla ya maombi ya kukabidhi, kwaya ya njano ikawa inahangaika na waya za vipaza sauti, na hapo nikaenda nikashika mkono wa Pasta Yohana.

"Mama, tunaenda wapi?"

Nikamvuta. Akanifuata, kofia mkononi, akisalimia watu pembeni kama mtu anayepelekwa chooni na mjukuu. Bwana Walter alikuwa anasubiri kwenye chumba cha kamba, amevaa tai.

"Piga," nikasema.

"Nipige nini, mama?"

"Kengele. Piga nyingi. Usisimame."

Akamwangalia Bwana Walter. Bwana Walter akanyanyua mabega na kutabasamu. Ndipo maneno yangu yote ya mwaka mzima yakatoka kwa mara moja.

"Ulipokuja hukupiga. Mama Ana alipiga, yeye atakaa. Wewe hukupiga, ndiyo sababu unaondoka. Piga sasa utabaki. Mapacha wataletwa huku. Magoti nitayapaka mafuta mimi. Na yule wa Columbus naye apige moja, maana anaogopa."

Pasta Yohana hakucheka. Alikaa kwenye ngazi ya mawe ya mnara, uso wake ukawa usawa mmoja na wangu.

"Nani alikufundisha kengele inafanya hivyo?"

"Kambini. Ile rimu. Ikilia, unga unakuja."

"Eee," akasema, na akafumba macho kidogo. Na yeye alikuwa ameishi chini ya rimu ile ile. "Sasa mama, msikilize mwanao. Papa Musa alipokuwa anagonga haraka haraka, lori la unga lilikuwa wapi?"

Nikafikiri. "Getini."

"Limefika ama bado?"

"Limefika."

"Na siku halikufika, Papa Musa alifanya nini?"

Nikamwona Papa Musa. Nilimwona vizuri kabisa, amekaa chini ya rimu yake, kile kipande cha chuma kimelala mapajani, anaangalia barabara tupu. Chuma alikuwa nacho. Mkono alikuwa nao. Na watoto wake walikuwa na njaa kama sisi.

"Alikaa," nikasema.

"Alikaa. Ingekuwa chuma inaleta unga, angegonga mpaka mkono ukatike. Chuma haijaleta unga hata siku moja, mama. Ilikuwa inatuita tu: njooni, unga umefika." Akanishika bega, akanigeuza kuelekea kanisani. "Sasa angalia. Leo nani amefika?"

Kupitia mlangoni niliona mstari wa mbele. Pasta Eliya alikuwa amekaa pembeni kabisa ya benchi, anapangusa viganja kwenye suruali.

"Yule," nikasema.

"Na mimi?"

"Unaenda." Hapo ndipo nilipolia.

Aliniacha nilie. Kisha akaweka kofia yake kwenye ngazi na akapiga magoti, yale magoti yake, kwenye sakafu ya mawe, mpaka kichwa chake kikawa chini ya mkono wangu.

"Bon," akasema. "Wazee wameniruhusu. Columbus wameniruhusu. Lakini mtoto haondoki nyumbani bila baraka ya mama yake. Mama Riziki, nakuomba ruhusa."

Niliweka mkono kichwani mwake. Nywele zake zilikuwa fupi na zilichoma kiganja. Sikujua maneno ya baraka. Nilijua tu maneno ambayo mama alituambia kila asubuhi tukitoka, na nilikuwa nimesikia kwamba Buffalo theluji inafika dirishani.

"Nenda," nikasema. "Uvae soksi mbili."

"Amina!" akasema, kwa ile sauti yake ya kushtuka usingizini. Na kule ndani, bila kujua kuna nini, kanisa zima likajibu, "Amina!"

Halafu hakuweza kuinuka. Magoti yalikataa. Bwana Walter akamshika mkono mmoja, mimi mwingine, tukavuta, na aliposimama wima wazee hao wawili walikuwa wanacheka na machozi yanawatoka, kila mmoja kwa lugha yake.

Nilifuta uso kwa gauni. Nikatoka kwenye kile chumba, nikaingia njia ya katikati ya kanisa. Sikuwa nimewahi kupita pale peke yangu. Watu wa pande zote mbili wakageuka, wa njano, wa vitenge, na wale wa keki. Masikio yangu yalikuwa yanawaka moto. Nilitembea mpaka mstari wa mbele, nikasimama mbele ya yule kijana wa shingo ndefu.

"Njoo, Pasta," nikasema.

Nilimwona mama akiweka mkono mdomoni. Pasta Eliya akasimama. Akanipa mkono wake, ulikuwa umelowa, nami nikampeleka nyuma mpaka kwenye kamba.

"Nipige mara ngapi?" akaniuliza kwa sauti ndogo.

"Wewe piga tu."

Mara ya kwanza alivuta vibaya na hakuna kilichosikika. Bwana Walter akamwonyesha: vuta, uiachie ipande, uisubiri. Akavuta tena. Kengele ikalia juu yetu mpaka ikatikisa kifua changu. Pasta Eliya akatoa macho, kisha akacheka, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumsimamisha. Desturi ya miaka hakuna aliyemweleza. Alivuta kama mtu anayechota maji ya familia nzima. Wamama wakapiga vigelegele, wakatoka kwenye mabenchi wakicheza kuja mlangoni. Kwaya ya njano ikaacha waya zake ikashika wimbo. Mama Ana akapiga makofi, nje kabisa ya mdundo. Wazee wa Kizungu walianza kuhesabu kwa midomo kama ile siku, wakafika mahali wakaangaliana, wakaacha. Wakuba na Wanepali walitoka kwenye vibaraza na ndala zao kuangalia kuna nini. Nasi sote tukapoteza hesabu.

Bwana Walter alisema baadaye kwamba hakuna jina hata moja kwenye ule ubao lililowahi kuahidi miaka mingi hivyo.

Pasta Yohana na Mama Pasta waliondoka wiki ile. Miaka ikapita, baba akapata kazi Columbus tukahamia huko, na baadaye tukaja Buffalo kwa dada yake mama. Baraka alirudi Louisville, ameoa. Anasema Pasta Eliya bado yupo, shingo imenenepa, na sasa yeye ndiye anayesinzia kwaya ikiimba. Anasema pia kwamba chini ya ule ubao mweusi Bwana Walter, kabla hajafariki, alipigilia kibao kidogo cha mti huo huo. Kina majina mawili tu, Yohana na Eliya, kwa rangi ya dhahabu, na chini yake mahali patupu.

Na mtoto wangu yuko hapa hapa, North Buffalo, kwa binti yake. Mapacha sasa wana umri niliokuwa nao mimi siku ile. Kila Jumapili jioni anakuja kwetu kunywa chai. Akitaka kuondoka anavaa koti, anavaa kofia, anafungua mlango na kusimama pale pale, upepo wote wa ziwani unaingia ndani.

"Pasta, funga mlango, tutakufa baridi!" mama anapiga kelele.

Hasogei. Anasubiri mpaka nitoke jikoni.

"Mama," anasema, "naomba ruhusa."

"Umevaa soksi mbili?"

Anavuta suruali juu, ananionyesha. Naangalia vizuri, sina haraka. Najua kuna safari moja ambayo ataniombea ruhusa siku moja, na hiyo sijaiandalia jibu. Lakini ya leo ninayo.

"Nenda," namwambia.

Sasa mniandikie na nyinyi. Niambieni ni nani aliyeondoka mkiwa wadogo, na mlijaribu kumzuia kwa kitu gani: kengele, wimbo, kumficha viatu. Msiogope mwandiko mbaya, wangu mmeuona. Nitasoma polepole kama ninavyoandika, na kila mmoja nitamjibu.